Sauti niliyorikodi shambani imekatwa yote. Nimwambie nini mhariri?

Mwanafunzi_Pemba:
Asalaam aleikum. Nasomea uandishi wa habari, niko kwenye mazoezi ya kazi redio ya umma, jina naliweka kando. Wiki tatu za mwanzo nilikuwa mtu wa warsha tu: nakaa nyuma, narikodi hotuba ya mgeni rasmi, narudi naandika "amewataka wananchi". Sikulalamika.

Wiki iliyopita nikaomba niende kwa wachumaji karafuu upande wa Wete. Nikakaa barazani na mama mmoja usiku, anachambua. Kinasa sauti nilikiweka juu ya jamvi, basi ukisikiliza unasikia konyo, kile kijiti cha karafuu, linavyovunjika, tk, tk, huku yeye anazungumza Kipemba chake safi. Dakika 22. Nilirudi nimefurahi kuliko siku ya matokeo ya kidato cha nne.

Mhariri kasikiliza dakika moja, kanambia: "Huyu Unguja hawamfahamu. Nitafutie ofisa." Usiku habari ikatoka na ofisa. Yule mama alikuwa kaalika na majirani waje wasikilize. Asubuhi akanipigia. Hakunilaumu, aliniuliza tu kama nilifika salama. Hapo ndipo nilipolia.

Nimwambie nini mhariri? Yeye ndiye anayesaini kitabu changu cha mazoezi.

Mtoto_wa_Konde:
Pole dada. Usishangae. Redio ya mwanzo hapa kwetu, mwaka 1951, iliitwa Sauti ya Unguja. Na lahaja ya Kiswahili sanifu ilipochaguliwa 1928, kilichukuliwa Kiunguja. Sisi Pemba tumezoea kusikiliza 😂

Bi_Zamu:
Konde, usimjaze mtoto maneno. Mwanangu, mie nimekaa chumba cha habari miaka mingi. Ulimpelekea mhariri dakika 22 saa ngapi?

Mwanafunzi_Pemba:
Saa kumi na moja na nusu jioni, Bi.

Bi_Zamu:
Na taarifa saa mbili usiku! Hana muda huo. Sauti ya shahidi kwenye taarifa ni sekunde 20, 30 ikizidi sana. Chagua mwenyewe, kata mwenyewe, mpe kilichokatwa pamoja na maandishi. Neno unalohisi Unguja litawatatiza, lieleze kwenye utangulizi kabla mama hajafungua mdomo. Andika: "Usiku huu anatenganisha karafuu na makonyo yake, kazi inayokwenda mpaka saa sita." Baada ya hapo hata wa Makunduchi atamfahamu. Hiyo tk tk iache isikike peke yake sekunde tatu.

Lakini nijibu na hili: mama alisema nini hasa?

Mwanafunzi_Pemba:
Alisema wanalipwa kwa pishi, na pishi ya mwenye shamba hujazwa mpaka inafurika. Kilichofurika hakilipwi. Akamtaja kwa jina.

Bi_Zamu:
Ahaa. Mwenye shamba ulizungumza naye?

Mwanafunzi_Pemba:
La.

Bi_Zamu:
Basi mwanangu, hata angezungumza Kiunguja cha Mji Mkongwe nisingeirusha. Ungekuwa umemtuhumu mtu hadharani bila kumsikia. Mhariri wako kakosea kukwambia ni lugha, pengine mwenyewe hakufika huko kwenye dakika ya kwanza, lakini amekuokoa bila kujua.

Fundi_Mitambo:
Hapo kwenye lugha bado nabisha, Bi. Ofisa hachambui karafuu. Dada, usimwendee mhariri mbele ya watu, wala dakika za kuelekea taarifa. Mfuate asubuhi anapokunywa chai. Usiseme "umenikatia sauti", sema "nimepata upande wa pili, naomba unisikilize sekunde 30". Ile rikodi nzima usiifute.

Mtoto_wa_Konde:
Na chai ulipe wewe.

Mwanafunzi_Pemba:
Ahsanteni sana, hasa Bi Zamu, umenitia haya lakini ya kheri. Jana nimempigia mama kwanza, nikamwambia ukweli kwa nini hakusikika, na nikamuuliza kama bado anakubali jina lake litajwe. Kasema sauti tu, jina niliache.

Halafu nikampigia mwenye shamba. Nilidhani atanikatia. Kasema nende Jumamosi asubuhi, wakati wa kupima, na nije na pishi yangu mwenyewe.

Bi_Zamu:
Nenda. Na kinasa sauti kiwashe toka getini.