Mjadala: Mbegu zikiota vizuri, tukubali kwamba udongo ni salama?

Mleta mada, Wete

Assalaam alaykum. Shehia kwetu kuna kiwanja ambacho kwa miaka kilikuwa kikikusanyiwa chuma chakavu na betri kuukuu za gari. Mwenye biashara keshahama, na sasa kikundi cha akinamama kinataka kulima hapo mchicha, saladi na tungule. Kwenye kikao mtu akasema maabara ya nini, tuatike mbegu, zikiota vizuri tulime. Wengi wakaafiki. Mimi sikuafiki, ndiyo maana naileta kwenu.

Kupima udongo kwa miche si upuuzi. OECD, shirika la nchi zinazoshirikiana katika uchumi na maendeleo, lina mwongozo wake tangu 1984, nambari 208, na ukarekebishwa 2006. Kemikali inayopimwa inachanganywa na udongo safi kwa viwango tofauti, na kwa njia hiyo hiyo unaweza kuchanganywa udongo unaoshukiwa; mbegu zinapandwa, kisha miche inalinganishwa na ile iliyooteshwa kwenye udongo safi mtupu. Lakini kuota peke yake ni dalili dhaifu. Mbegu huota kwa chakula kilichomo ndani yake mwenyewe, na ganda linaikinga, kwa hiyo huchomoza hata pabaya. Taabu huanzia mzizini: shaba au zinki ikizidi, mzizi unadumaa, unakuwa mfupi na mnene, vijizizi vya pembeni havitoki, na huku juu majani bado yanapendeza. Anayehesabu vilivyochomoza tu anatazama pasipo.

Msimamo wangu ni huu: miche ina haki ya kukikataa kiwanja, haina haki ya kukipitisha.

Mwalimu wa sayansi, Chake Chake

Nusu ya kwanza nakubali, ya pili bado. Maabara ikipima jumla ya madini yaliyomo, haikwambii mmea utavuta kiasi gani. Udongo wa uwanda kule Micheweni una chokaa ya matumbawe, na chokaa huyashika madini mengi yasiyeyuke. Kiasi kile kile kikiwa kwenye udongo mchachu kinaweza kuua mmea. Mche hujibu hapo hapo, tena huhisi vyote kwa pamoja: shaba, zinki, nikeli, na mafuta ya gari yaliyomwagika. Isitoshe, figili na mtama wanafunzi wangu wanaweza kuotesha skuli kwa vikopo na rula. Tukingoja maabara, akinamama watangoja hadi lini?

Muuguzi wa kliniki ya watoto, Unguja

Mwalimu wangu, kwa heshima zote, neno moja halijatajwa na ndilo lenyewe: risasi, yale madini mazito yaliyomo ndani ya betri za gari. Hapo zilivunjwa betri.

Risasi hujishika kwenye udongo na mizizi haiivuti kwa wingi. Mchicha unaweza kusitawi vizuri kabisa juu ya udongo ambao mtoto hapaswi kuuchezea. Mtoto haumii kwa kula jani peke yake. Anaumia kwa vumbi, kwa vidole anavyotia mdomoni huku mama yake analima. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Inaharibu ubongo unaokua, na uharibifu huo haurudi nyuma. Marekani mwaka 2024 waliteremsha kiwango cha kuanzia kuchunguza udongo wa makaazi kutoka miligramu 400 kwa kilo hadi 200. Hakuna figili itakayokuonesha tofauti ya 200 na 400.

Na tusiseme ni mambo ya mbali. Owino Uhuru ni Mombasa, pwani hii hii yetu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi pale katikati ya makaazi, kikafungwa 2014, na 2020 mahakama ikaamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Fedha hizo hazimrudishii mtoto akili yake.

Mkulima wa mboga, Mwera

Mimi nina hofu ya upande mwingine. Miche hufa kwa mambo mengi. Kisima kikiingia maji ya chumvi, mizizi inadumaa. Ukitia mbolea ya kuku mbichi, miche inaungua. Udongo ulioshindiliwa na magari, vile vile. Sasa watu waje na vikopo vyao waseme shamba la fulani lina sumu, nani atanunua mchicha wake Mwanakwerekwe? Jina likishaharibika halisafishwi na maabara.

Mleta mada

Kaka mkulima, hofu yako ni ya haki, na dawa yake imo ndani ya kipimo chenyewe kikifanywa sawasawa. Udongo wa kulinganishia lazima uwe wa aina ile ile: udongo mwekundu wa kinongo kwa kinongo, wa uwanda kwa uwanda. Chumvi ipimwe kwanza. Kama hata kwenye udongo safi haikuota mbegu 70 katika kila 100, jaribio zima linatupwa. Na matokeo mabaya yawe sababu ya kupeleka sampuli kwa Mkemia Mkuu, yasiwe tangazo la sokoni.

Mwalimu, hoja yako ya chokaa ni nzito, ila inalinda mmea, haimlindi mtoto. Nyongeza kwa aliyoyasema dada muuguzi: kadimiamu, madini mengine yenye sumu, tofauti na risasi, hupanda hadi kwenye jani la saladi na mchicha, na jani likabaki zuri. Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, wameweka ukomo wa miligramu 0.2 kwa kilo ya mboga za majani. Jicho halioni hiyo.

Kwa hiyo kwangu mimi historia ya mahali ndiyo iamue. Palipovunjwa betri, maabara kwanza, hata mbegu zikiota kama msitu. Pasipo na historia hiyo, vikopo vya mwalimu vianze.

Mwalimu wa sayansi, Chake Chake

Kwa kiwanja cha betri nimekubali. Lakini sampuli moja kutoka katikati haitoshi, risasi hukaa mafungumafungu pale betri zilipopasuliwa. Nani analipia sampuli kumi?

Muuguzi wa kliniki ya watoto, Unguja

Aliyeuza chuma chakavu. Faida alichukua yeye. Akikosekana, serikali ilipe, na majibu yasomewe akinamama wenyewe kabla ya jembe la kwanza. Hadi hapo watoto wasiingie mle.

Mkulima wa mboga, Mwera

Na kikundi wapewe ardhi nyingine msimu huu huu. Masika hayangojei majibu ya maabara.