Tupeane uzoefu: gari lenye injini nyuma ya viti linaweza kuwa GT ya kweli?

Mtoa mada (Leicester)

Habari zenu wakuu. Jambo hili limenikaa moyoni tangu mimi na mke wangu turudi Ufaransa mwezi uliopita.

Kuna magari yanaitwa GT, gran turismo kwa Kiitaliano. Ni gari la watu wawili na mizigo yao, lenye nguvu, la kuvuka nchi kwa siku moja ukashuka bado una hamu ya kuoga, kuvaa vizuri na kwenda kula. Tangu enzi za Lancia Aurelia B20 ya 1951, gari la namna hiyo tulizoea kuliona na injini mbele, chini ya boneti ndefu. Mwaka 2019 McLaren wakatoa gari wakaliita GT waziwazi, na V8 yake (injini ya silinda nane) ya lita 4.0 iko nyuma ya viti. Buti la nyuma lita 420, la mbele lita 150. Wengi walikataa: injini ikikaa pale, hilo ni gari la mbio tu, jina halibadilishi kitu.

Mimi nina Porsche Cayman ya 2007, injini lita 2.7, nayo imekaa hapo hapo. Tulipakia gari kwenye treni Folkestone, dakika 35 tukawa upande wa Calais, tukapita Reims na Dijon mpaka Annecy. Zaidi ya kilomita 800 kwa siku moja. Nina buti mbili, mbele lita 150 na nyuma 260, lakini sanduku gumu la mke wangu halikuingia lolote kati ya hayo mawili. Saa tano usiku tuko sebuleni tunahamishia nguo kwenye mabegi laini. Asubuhi kila kitu kikaenea, mpaka viatu vya kutembelea milimani.

Kwenye kilomita 130 kwa saa za Ufaransa tuliongea kwa sauti ya kawaida. Injini unaisikia mgongoni, inavuma chini chini, haichoshi. Na tulipoingia vilima vya Jura, usukani ukawa mwepesi, gari linakata kona bila kuinama, nikasahau kwamba nimeendesha tangu alfajiri. Kwangu mimi ile ni GT.

Leteni yenu. Naomba yaliyowapata wenyewe barabarani, msituletee ya magazetini.

Mtu wa Matrah

Assalaam aleikum. Mie niko Muscat, Oman, wazee wangu wa Unguja. Naendesha Corvette ya 2021, kizazi kile walichoihamishia injini nyuma ya viti baada ya kukaa mbele tangu 1953.

Mwaka jana tulikwenda Salalah, kusini mwa Oman, na mdogo wangu wakati wa kharifu, msimu wa ukungu na manyunyu kule, kilomita kama 1,000. Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, paa tumelivua kufaidi upepo. Kumbe paa likivuliwa linalala ndani ya buti la nyuma, na mabegi yetu yako humo humo. Tukasimama kando ya njia tukalirudisha juu. Halua ya kupelekea wenyeji wetu niliiweka buti la mbele, mbali na injini, ikafika kama ilivyofungwa.

Baada ya Adam ndiyo nikaijua gari. Jangwa la Haima ni tambarare, huoni mti wala kilima, na joto nje digrii 44. Kwenye 120, gia ya nane, silinda nne kati ya nane zinapumzishwa, na injini huisikii tena, unasikia tairi tu. Mdogo wangu akaweka kisomo cha Qur'ani kwa sauti ndogo na kila herufi tunaisikia. Gari ya mbio gani hiyo?

Tulipopita Thumrait tukaanza kushuka mlima, dakika chache tu jua likatoweka. Ukungu mzito, manyunyu, vioo vikatota. Tukashusha madirisha ikaingia harufu ya udongo uliorowa. Hapo niliingiwa na hofu kidogo, kwa sababu umekaa chini sana na malori yanakuja huyaoni mpaka yako karibu. Lakini tuliposhuka Salalah mgongo wangu mzima, na kesho yake tulizunguka tena mpaka Mughsail.

Ila kupanda mlima wa Jabal Akhdar usijaribu. Pale Birkat al Mawz polisi wanakagua, gari isiyovuta magurudumu yote manne inarudishwa.

Mtoa mada

Shukrani sana sheikh wangu. Hilo la kisomo limenigusa. Ndicho kipimo ninachokitafuta.

Wa Kitengela

Wakuu, mimi nasema hapana. Nilikuwa na Toyota MR-S ya 2006, Nairobi kwenda Mombasa. Mzigo wote ni kile kisanduku nyuma ya viti, begi moja na chupa za maji. Matuta ya Mombasa Road yalinikwaruza tumbo mara tatu kabla ya Mtito Andei, na kila lori likinipita macho yangu yako usawa wa ekseli yake. Kwenye kona ilikuwa tamu ajabu. Kwa safari, nilipanda treni ya SGR mara iliyofuata.

Fundi wa Ludwigsburg

Nawasoma kwa furaha. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, niko gereji huku Ujerumani mwaka wa 14.

Injini ikiwa mbele, joto na kelele viko mbali na masikio, na nyuma kote panabaki buti. Ukiileta nyuma ya viti, uzito unakuja katikati, gari linageuka upesi, lakini umelala na jiko kitanda kimoja. Tatizo hilo watengenezaji walilijua mapema. Maserati Bora ya 1971 iliwekewa kioo cha tabaka mbili kati ya abiria na injini, na juu ya injini kifuniko chenye zulia. Nilibahatika kuifanyia kazi moja. Ukifunga kile kifuniko, V8 inakuwa kama iko chumba cha pili. Kwa hiyo ndugu zangu, linawezekana tangu zamani, mtengenezaji akitaka.

Ninachoogopa mimi ni kuharibikiwa ugenini. Injini ya mbele unafungua boneti, unaona. Ferrari 348 na F355, kubadilisha mkanda wa taimingi tu injini inashushwa chini. Likikuzimikia kijijini usiku, utamwambia nini fundi wa kijiji? Gari la safari ndefu lazima litengenezeke njiani.

Mzee wa Nakuru

Fundi, kwa uvumilivu tusiyadharau. Safari Rally ya 1975 nilikuwa na miaka 11, nimesimama kando ya barabara na marehemu baba. Lancia Stratos, injini V6 ya Ferrari Dino nyuma ya viti, zilimaliza ya pili na ya tatu nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Ule mlio naukumbuka hadi leo. Starehe sijui, lakini vumbi letu zililimaliza.

Wa Brussels

Gari langu sitalitaja. Nilipeleka chokoleti kwa shangazi Geneva, kwenye buti lililo nyuma ya injini. Nilimkabidhi uji. Tangu siku hiyo kila cha kuliwa kinakaa miguuni pa abiria.

Dada wa Birmingham

Naomba na sisi tunaokaa upande wa abiria tusikilizwe, maana GT ni ya watu wawili. Kaka yangu ana Honda NSX ya 1991. Tulikwenda nayo harusini Edinburgh. Dashibodi iko chini, kioo kikubwa, unaiona nchi yote mbele yako, sikubanwa hata kidogo. Shida ilikuwa kushuka. Nimevaa kitenge cha kubana, gari liko chini, watu wamesimama mlangoni wanapokea wageni. Ilibidi nigeuke kwanza, miguu yote miwili nje pamoja, kaka anishike mkono.

Sasa mtoa mada, umetueleza ulivyojisikia wewe. Shemeji yetu je?

Mtoa mada

Swali la haki, dada. Nimemuuliza sasa hivi. Anasema kiti kilimkaa vizuri, ila angependa mahali pa kuweka mkoba, siku nzima aliupakata. Nikamuuliza kelele je? Akanikumbusha kwamba alilala kuanzia Dijon mpaka Bourg-en-Bresse, kichwa kwenye dirisha, na injini iko nyuma ya mgongo wake hapo hapo.