Mjadala: Tufunge Ziwa Kivu lote, au tulinde kando yake?

Mwanzisha mada, Nguba (Bukavu)
Kila sambaza, samaki wetu wadogo wa Ziwa Kivu, zinapoadimika sokoni Kadutu hapa Bukavu, jibu ni lilelile: ziwa lifungwe, walobaji (wavuvi) wakae nyumbani mpaka samaki wakue. Rwanda hufunga upande wake kwa miezi miwili hivi karibu kila mwaka, na watu wanataka na sisi wa upande wa Kongo tufunge kwa ukali huohuo. Mimi napinga, na ninapinga kwa sababu ninataka sambaza zibaki.

Tuangalie maisha ya samaki huyu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, kwa kuwa katikati ya Kivu hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea majini. Umri wake ni mfupi: anapevuka ndani ya mwaka wake wa kwanza, na ni wachache wanaouona wa tatu. Wakubwa wanakaa katikati. Usiku wanapanda juu kufuata chakula, ndipo ekipe (vikundi vya walobaji) zinawavuta kwa taa na wavu uliotandazwa kati ya mitumbwi mitatu. Lakini kuzaa, wanazalia kando, na watoto wanabaki hukohuko mpaka wapate mwili. Huko ndiko vinakowasubiri vyandarua vya mbu na nyavu za kukokota. Zile ndogo kabisa zinazouzwa kwa kikombe ni watoto ambao hawajazaa hata mara moja.

Tena wanazaa karibu mwaka mzima. Ukifunga miezi miwili, kisha chandarua kikarudi ufukoni siku ya kufungua, hao waliozaliwa juzi umewaokoa na nini? Kando ilindwe miezi yote 12. Katikati waachwe watu wafanye kazi.

Muuzaji, Kadutu
Mimi nakuunga mkono kwa sababu moja tu. Ziwa likifungwa, likelemba (mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu) haingoji, wala karo za watoto. Lakini hizo ndogo unazozikataza ndizo anazoweza kununua mama mwenye franka chache. Nyama hawezi. Umemfikiria?

Mtoto wa Kalehe
Yaya, mkubwa wangu, na mimi nikuulize: anayeloba katikati ni nani? Ni mwenye ekipe, mwenye mitumbwi mitatu, wavu mkubwa, taa na vijana wa kulipa. Sisi tusio na ekipe tunaloba kando kwa kukosa pa kwenda. Sheria yako inamwacha patro, huyo tajiri mwenye ekipe, na kutunyang'anya sisi. Afadhali kufunga kote, tuumie pamoja.

Mwalimu wa biolojia, Ibanda
Wengine wanapendekeza kipimo cha urefu: samaki wa chini ya sentimita fulani asiuzwe. Nisingekimbilia hapo. Sambaza huyuhuyu alipelekwa Ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, miaka ya 1960, na kule amebaki mdogo, anazaa akiwa na mwili mdogo kuliko wa Tanganyika. Chakula na uvuvi vinabadilisha umri na ukubwa wa kupevuka. Kivu nayo ina mambo yake: oksijeni haifiki mbali chini, kwa hiyo samaki wote wanategemea tabaka la juu tu. Kipimo cha kuazima kitatudanganya. Macho ya wavu na mahali pa kuloba ni rahisi kukagua kuliko kupima samaki mmojammoja kwenye beseni.

Tusisahau samaki mgeni mwingine wa Tanganyika, *Lamprichthys tanganicanus*, aliyeonekana humu tangu 2006. Anaishi kando, anagombania chakula na watoto wa sambaza.

Mwanzisha mada
Mdogo wangu wa Kalehe, hoja yako ni nzito na siipiti pembeni. Lakini kuumia pamoja hakutakuwa sawa: patro ana akiba ya miezi miwili, wewe huna. Mwalimu ametupa njia. Huyo *Lamprichthys* anakamatwa kando kwa wavu wa kutega wenye macho makubwa, ambao mtoto wa sambaza anapita. Wenye ekipe walipe kodi ya kuloba katikati, na kodi hiyo inunue nyavu hizo; anayeleta chandarua apewe wavu badala yake, bila faini. Faini ije baadaye, kwa aliyepewa wavu akarudia chandarua.

Na mama, hao wadogo wakiachwa miezi michache tu, kikombe hichohicho kitajaa kwa samaki wachache zaidi. Bei itashuka.

Muuzaji, Kadutu
Hiyo miezi michache ndiyo ninayoiogopa. Basi nyavu zitolewe kwanza, Kalehe na Idjwi, kabla ya mtu yeyote kunyang'anywa chandarua. Kwa mpango huo nitasimama na wewe.

Mtoto wa Kalehe
Na orodha ya wanaopewa ibandikwe kwenye kila bandari, tuisome wote.