Mrejesho: karoti (sampuli ndefu za mwamba) za zinki zilizokuwa zinavunjika

Wakubwa, salamu kutoka Lubumbashi. Niliuliza hapa kuhusu forage yetu ya utafiti (kutoboa mashimo ardhini): mwamba ni dolomia, jamii ya mawe ya chokaa, kama kule kwenye mgodi wa Kipushi, na tukifika kwenye zinki yenyewe karoti zinatoka vipande vipande, nyingine zinabaki shimoni. Aksanti sana kwa wote mliojibu.

Tuliyofuata kwanza ni bomba la kuta tatu, tukapunguza urefu wa kila mshusho wa bomba na kuongeza polima (kemikali ya kuyafanya mazito) kwenye maji ya kutobolea. Hilo limefanya kazi vizuri. Sasa karoti inatoka nzima ndani ya bomba la ndani, nyufa zinaonekana zilivyo, na boksi zinajaa. Yule papa (mzee wetu) aliyesema tukwangue unga kidogo na kudondoshea asidi, alisema kweli: harufu ya yai bovu ilipanda mara moja, sfalerite hiyo, madini yenye zinki. Kwa kiasi cha zinki bado tunangoja maabara. Pua haipimi asilimia!

Ushauri wa kuziba kwa saruji haukufaulu. Shimo moja lilipita kwenye pango, tukamwaga saruji na pango likaimeza yote. Tumehamisha mashine pembeni kidogo, tumechimba upya kwa kuinamisha, tukaukwepa uwazi ule.

Kwa wanaokuja nyuma: pale karoti ilipopotea, msijaze pengo kwa makisio. Sisi tunaandika urefu uliokosekana kwenye kibao ndani ya boksi, na mjiolojia anahesabu hivyo hivyo.

Majibu ya maabara yakifika nitayaweka hapa.