Naomba ushauri: dogo kanogewa na besiboli, Moshi hapa nimpeleke wapi?
Wakuu habari za jioni, niko Pasua, nina kijana wa miaka 9 kanogewa na besiboli tangu wageni walete glavu shuleni kwao, sasa kila nikirudi kazini namkuta getini na mpira wa tenisi na mpini wa jembe kaukata mwenyewe (jembe langu hilo). Mi soka ndo najua, huu sijui kitu. Juzi kapiga ukatua kwenye sufuria la ndizi la mama jirani, mpaka leo salamu anaitikia kwa shida. Halafu beisi (vile vituo mchezaji anavyokimbilia) za watoto zinaachana kama mita 18, uani kwetu hata 8 hazifiki. Wenye watoto mnachezea uwanja gani? Na nimrushie mpira mkono ukitokea chini kwanza au?