Gari linakula mafuta zaidi tangu nibadilishe matairi: ni kawaida?

Mwendo_wa_Kobe
Gari langu lilikuwa likitembea kilomita 15 kwa lita moja, likiwa bado na matairi liliyotoka nayo kiwandani. Nimebadilisha yote manne kwa saizi ileile, 205/55R16, na sasa sipati zaidi ya 14, ingawa njia na mzigo ni vilevile. Je, nimtafute fundi wa injini?

Spana_Kumi
Usiiguse injini kwanza. Tairi hubonyea linapogusa barabara, kisha hurudia umbo lake, na kila mzunguko sehemu ya nguvu hupotea ndani ya mpira ikiwa joto. Tairi jipya huwa na meno ya takriban milimita 8, hivyo lina mpira mwingi wa kubonyea kuliko lile ulilovua likikaribia kuwa kipara. Zaidi ya hayo, watengenezaji wa magari mara nyingi huagiza matairi yanayoviringika kwa wepesi ili gari lionekane halili mafuta, ilhali mengi ya dukani hutanguliza kudumu au kushika barabara yenye maji. Saizi kufanana si mpira kufanana. Ukinzani wa kuviringika ukipanda kwa asilimia 10, ulaji wa mafuta hupanda kwa asilimia 1 hadi 2 hivi.

Hesabu_Kwanza
Ni kweli, lakini sehemu ya hasara hiyo huenda ipo kwenye dashibodi tu. Tairi la saizi yako likiwa jipya lina kipenyo cha milimita 632 hivi. Meno yakilika hadi kubaki milimita 1.6, kipenyo hupungua kwa karibu milimita 13, yaani asilimia 2. Kwa kuwa gari huhesabu mizunguko ya magurudumu, wala halipimi barabara yenyewe, matairi yako ya zamani yalikuwa yakiandika kilomita nyingi kuliko haya kwa safari ileile. Rudia hesabu yako kwa umbali halisi wa njia.

Spana_Kumi
Hilo nilikuwa nimelisahau. Na upepo je, umeupima matairi yakiwa ya baridi? Kila psi 1 inayopungua katika matairi yote manne hugharimu takriban asilimia 0.2 ya mafuta.

Mwendo_wa_Kobe
Nimepima asubuhi kabla ya kuondoka: yote yana psi 26, wakati kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva kinataka 33. Nimejaza, na nitapima ulaji upya kwa umbali wa ramani. Fundi wa injini atasubiri.