Semina Mombasa siku tatu, nimebeba fimbo ya flai: nivulie wapi jioni?

MtuWaGura
Wakubwa wa pwani, shikamooni. Mimi ni wa Othaya. Uvuvi wangu wote ni wa flai, yaani chambo cha manyoya, na wote nimeufanyia mito ya Gura na Chania, kwa trauti waliopandwa huko tangu 1905. Bahari naijua kwa picha na kwa harusi moja ya Kilifi.

Wiki ijayo nina semina ya mahesabu Mombasa, Jumanne hadi Alhamisi. Tunaachiliwa saa kumi na nusu, na saa mbili lazima niwe mezani na bosi. Hoteli iko Nyali, gari sina. Nimenunua fimbo namba 8 ya vipande vinne, inaingia kwenye begi la nguo. Nilifikiria pale Mama Ngina, kando ya bahari kisiwani, maana kwenye picha naona watu wanavua pale. Ama nivuke feri niende ufuo wa Shelly? Au nivue tu mbele ya hoteli? Mwezi utakuwa mpevu Jumatatu, sijui kama kwenu hilo lina maana. Kwetu halina.

BabuTudor
Marahaba mwanangu. Hilo ulilolitupa mwisho ndilo la kwanza. Mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Hapa kwetu siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne. Kila siku yachelewa dakika arubaini, hamsini hivi. Kwa hivyo Jumanne ukitoka seminani maji yamejaa na yako karibu kugeuka. Jumatano utangoja kidogo yageuke. Alhamisi yatakuwa bado yaja mpaka karibu na magharibi, na hayo si mazuri kwa pale ninapokutuma. Tazama jedwali la maji la Kilindini uhakikishe.

Nakutuma Mkomani, ng'ambo ya Mji wa Kale. Kwa tuktuk kutoka Nyali si mbali. Maji ya bamvua hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mengi ya yaliyoingia hori la Tudor hutoka kwa njia hiyo, chini ya daraja la Nyali, yapite mbele yako. Dagaa na chaa waliokwenda kula mikokoni huburutwa nayo, na kolekole huwangoja kwenye kona kama matatu stejini. Simama maji ya magoti, yasizidi. Tupa kukata mkondo, uache mkondo ukubebee.

Mama Ngina wale wana mishipi ya mkono na chubwi, wamesimama juu ya mwamba. Wewe flai yako yataka nafasi nyuma, na nyuma yako kuna muuza mihogo, kuna watoto, kuna buibui za watu. Na samaki utampandishaje? Feri kwa mwenda kwa miguu ni bure, lakini kwenda na kurudi jioni yako imekwisha. Mbele ya hoteli usiguse kabla ya kuwauliza KWS, watu wa wanyamapori, mipaka: upande huo kuna Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, tangu 1986, na ndani ya mbuga yenyewe hakuvuliwi, hata kama wamrudisha samaki.

Chuchunge
Babu kamaliza mahali, mimi niongeze vifaa. Flai aina ya Clouser, nyeupe na kijani, ndoana namba 1 au 2, isiyoshika kutu, na kile kijino cha kuzuia samaki asichomoke ukibane kwa koleo kabla hujamnasa mtu sikio. Nailoni ya kuhimili kilo 10. Samaki bunju watakukatia tu kwa meno, hilo halina dawa.

Kosa la watu wa trauti ni moja: samaki akigusa, wanainua fimbo. Usiinue! Fimbo ielekeze majini, vuta kamba kwa mkono wa kushoto mpaka uhisi uzito wake. Na ukitembea majini buruta miguu, usiinue nyayo, samaki taa mwenye mwiba hulala mchangani. Viatu ni lazima.

MamaKarangaMkomani
Mimi nakaanga samaki hapo mnapomtuma. Akifika atoe salamu kwanza, aulize mwenyekiti wa BMU, kamati ya wavuvi wa ufuo, leseni yake aibebe. Na tafadhali, huo mtindo wa kumbusu kolekole kisha kumrudisha baharini mbele ya mteja wangu, aufanyie kwao Gura.

MtuWaGura
Naandika nikiwa kwenye treni, tumeshapita Voi.

Jumanne niligongwa mara tatu, na mara zote tatu niliinua fimbo. Miaka kumi na mbili ya trauti haiondoki kwa kusoma ujumbe mmoja. Bunju walichukua Clouser mbili. Jumatano maji yalianza kutoka kwa kishindo, mzee mmoja aliyekuwa akirekebisha wavu akanionyesha kwa kidevu pale maji yalipokuwa yakikunjika. Nikatupa, nikavuta kwa mkono. Kolekole! Alikuwa wa kiganja na nusu tu, lakini alivuta kamba kuliko trauti yeyote niliyewahi kumshika. Mzee alicheka ukubwa wake. Sikumrudisha, nilimpeleka kwa Mama, akanitoza pesa ya mafuta.

Alhamisi nilikwenda kwa ubishi. Semina ilichelewa, maji yalikuwa bado yanaingia, upepo unanipiga bega la kulia. Nilijinasa mwenyewe kwa ndoana, shati mgongoni. Kile kijino nilikuwa nimekibana, asante Chuchunge. Mezani nilifika suruali imelowa hadi mapajani. Bosi akauliza, nikasema ukweli, na sasa anataka kuja nami safari nyingine.

Swali moja: fimbo na rili nimeviogesha bafuni, lakini rili inakwaruza ikizunguka.

BabuTudor
Ni mchanga huo. Ifungue, uitie kwenye ndoo ya maji baridi usiku kucha, ikikauka tone moja la mafuta ya cherehani. Mwezi mwandamo nao ni bamvua, mwambie bosi.